Faili la Kichwa cha Mdogo Wangu

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Hospitali,

Huenda hunifahamu, lakini mlinzi wako wa getini ananifahamu sana. Haniulizi tena nakwenda wapi; huniuliza tu kama leo nimekumbuka kubeba maji ya kunywa.

Ninaandika kuhusu faili la mdogo wangu, aliyelazwa kwako miaka hamsini na minane iliyopita, fuvu likiwa limepasuka. Alipona, kwa maana ya kwamba hakufa. Sasa kifafa chake kimezidi, na daktari anataka kumpiga picha ya ubongo kwa ile mashine yenye sumaku kali. Hathubutu kumwingiza humo kabla ya kujua wenzake wa zamani walimwachia chuma gani kichwani. Jibu limo ndani ya faili. Mimi nina miaka sabini na saba, moyo wangu unafanya kazi kwa kusuasua, na nina malalamiko yafuatayo:

1. Karani wako wa masijala alitaka namba ya faili. Nilipouliza imeandikwa wapi, alinijibu kwa adabu zote kuwa imeandikwa juu ya faili. Naupongeza utaratibu huu. Hakuna mwizi atakayeuweza.

2. Nikaambiwa mgonjwa mwenyewe aje aeleze kwa kinywa chake aliumia lini na vipi. Nilimleta. Mdogo wangu, ambaye tangu aumie hushika vizuri mambo ya jana na leo tu, alimsimulia karani kwa dakika arobaini habari za paka wa jirani. Faili halikupatikana, ila wawili hao sasa ni marafiki.

3. Karani akanieleza kuwa majeraha ya kichwa ya miaka ile hayakupangwa kwa majina, bali kwa sababu: rafu ya waliogongwa na magari, rafu ya walioanguka, rafu ya waliopigwa. Nikamwambia mdogo wangu alianguka kutoka juu ya paa, kama ukoo mzima ujuavyo. Amepekua rafu ya walioanguka mara tatu. Wapo walioanguka ngazini, mtini, hata kitandani. Mdogo wangu hayumo. Watu wazima wenye mishahara wanawezaje kupoteza fuvu zima?

4. Nilipokwenda mara ya sita, karani alinishauri nikapumzike, eti faili likionekana atanipigia. Kupumzika kwa umri wangu, Mheshimiwa, kuna maana moja tu, na huko simu hazishiki.

Kwa hiyo naomba masijala nzima ilazwe wodini na kuchunguzwa kichwa, maana kusahau kwa kiwango hicho ni ugonjwa ninaoujua vizuri nyumbani kwangu. Ikiwa vitanda havitoshi, basi nilazwe mimi juu ya rafu ile, katikati ya walioanguka, hadi faili lione haya na kujitokeza.

Nisalimie wauguzi wote, mlinzi, na hasa karani, ambaye pamoja na yote hajawahi kumwacha mdogo wangu asimame.

Ni mimi, ninayesubiri nikiwa bado nina pumzi,
Kaka wa mgonjwa, mwalimu mstaafu wa historia

Nyongeza: Barua hii imekaa mezani siku nne. Mwambie karani aache kupekua walioanguka, aangalie waliopigwa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mdogo wangu kumi na mitatu. Alivaa shati langu jipya bila kuniomba, nami nilikuwa na mpini wa jembe mkononi. Mama alimweleza daktari ukweli ili mtoto atibiwe, kisha akarudi nyumbani akatuambia sote tuseme paa. Masijala yako haijapoteza kitu. Nimemsumbua karani bure kwa sababu nilishindwa kulitamka neno moja dirishani pake, mdogo wangu akiwa amekaa pembeni yangu.

Faili apewe daktari kwanza. Kisha nipewe mimi mwenyewe, nimsomee mdogo wangu. Mama alimfundisha kuwa ni mimi niliyembeba mgongoni hadi hospitali, na hilo hajalisahau. Humwambia kila mgeni. Ni kweli nilimbeba. Ndiyo maana nimeweza kunyamaza muda wote huu.