Nilivyowavalisha Wote Vigeu Vyangu

Jumatatu, 2 Oktoba 2023

Aibu ya kwanza ya wiki, na saa nne haijafika. Mama Clémentine, mkubwa wetu hapa kwenye Nyumba ya Majina, mtaa wa Kasuku, ametangaza mbele ya wote kwamba responsable, msimamizi wa mashine, ni Okito. Okito! Mimi Twaibu nimekaa na mashine hii miaka minne. Yeye miezi saba. Nilipiga makofi kuliko wote ili watu wasiangalie uso wangu. Rachida aliuangalia. Yeye ndiye anayepokea watu waliopotelewa na ndugu wakati wa vita. Anawasikiliza, kisha anaandika kwenye rejista iliyomo ndani ya mashine. Karatasi haziruhusiwi. Wakati ule orodha ya majina mfukoni iliweza kumponza mtu, na mpaka leo wazee wakiona kalamu wananyamaza.

Okito akaanza uongozi kwa hotuba. Mada: programu ya kuingilia, ile inayokuuliza jina na neno la siri kabla mashine haijakufungulia. Kazi yake si kuuliza tu, akasema. Lazima itupe nje vigeu vyote ilivyovikuta. Vigeu ni yale maneno mafupi ambayo mashine inatembea nayo kichwani: folda yako ni ipi, programu zitafutwe wapi, rejista gani ifunguliwe. Ikishavitupa, inakupa vipya, vya kwako. Inabakiza kimoja tu, kinachotaja aina ya skrini. Akamaliza kwa kuinua kidole: "Kwenye mulango muntu anaacha yote. Ndani anapewa ya nyumba."

Sawa, msikitini. Lakini kwetu mgeni akitaka kwenda kuoga unampa ndara zako mwenyewe, humwachi aende peku. Okito hajui kupokea wageni, hiyo ndiyo shida yake.

Jumanne, 3 Oktoba

Mpango umeiva. Kila asubuhi groupe, jenereta yetu, ikiwashwa na umeme ukija, tunaandika mistari mirefu ileile kuiambia mashine tunachotaka. Mimi vigeu vyangu ninavyo tayari, vizuri, vimenyooka. Nitaviweka kwenye programu inayowasha skrini zetu tatu. Kisha, mahali inapoiita programu ya kuingilia, naongeza kistari na herufi p. Maana yake: usitupe kitu, pitisha vyote. Kila atakayeingia atakuta mezani kumeandaliwa. Mama Clémentine atauliza nani amefanya maajabu haya. Nitainamisha kichwa.

Okito alikwenda bandarini kupokea katoni. Nikafanya kazi yote dakika ishirini. Aliporudi, akaninunulia soda kwa kuwa nilibaki peke yangu na joto lile. Nikainywa.

Jumatano, 4 Oktoba

Ushindi! Rachida kaandika jina lake na neno la siri, rejista ikajifungua yenyewe. Akaita watu waone. Mama Clémentine akafurahi sana, akampongeza Okito. Yeye si ndiye responsable? Okito akasema hajui kilichotokea, itabidi aangalie. Mama akasema unyenyekevu kama huo ni nadra. Nikatoka nje nikaongea na ukuta.

Mchana alikuja mama mmoja kutoka Alunguli, Mama Salama. Alivuka mto kwa mtumbwi na magoti yake yanayouma. Alitaka kuongea na Rachida tu, mlango umefungwa. Alipotoka alisema hajalitaja jina la mdogo wake tangu mwaka wa tisini na nane. Amelitaja leo, na hatalitaja tena. Sasa kazi ni ya mashine. Akatupungia mkono sote, mimi pia.

Ijumaa, 6 Oktoba

Mama Salama alipiga simu asubuhi. Amekumbuka: kidole kilichokatika cha mdogo wake kilikuwa cha mkono wa kushoto. Rachida akamtafuta huyo mdogo kwenye rejista ili aongeze. Hayupo. Akatafuta wengine aliowaandika Jumatano na Alhamisi. Hakuna hata mmoja. Familia kumi na moja, kama hazikufika kamwe.

Nilijua kabla hajamaliza kusema. Kati ya vigeu vyangu kimoja kinataja rejista, na nilikuwa nimekielekeza kwenye rejista yangu ya mazoezi, inayofunguka kwa ukurasa mtupu kama ile ya kweli, ndani ya folda ya vitu vya muda. Folda hiyo mashine inaifuta kila inapozimwa. Na jioni groupe inazimwa. Kila jioni! Nimewavalisha wote kigeu changu, na wote wameandikia kwenye vumbi.

Mama Clémentine akauliza imekuwaje. Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema labda Rachida alisahau kuhifadhi. Nilisema hivyo. Rachida alikaa mbele ya skrini akijaribu kukumbuka machozi ya watu kumi na mmoja.

Okito alisoma mafaili saa nzima. Kisha akaniita chini ya mwembe wa uani, mbali na wengine. Kigeu kile kilikuwa na njia ya folda, na folda ilikuwa na jina langu. Mjinga gani anaficha kitu na kukiandikia jina lake? Hakupandisha sauti. "Twaibu, hii ni ya kwako. Mimi sitasema. Nenda useme wewe." Tayari alikuwa amevifuta vigeu vyangu na ile herufi p. Nilimchukia kwa upole wake kuliko ambavyo ningemchukia kwa kofi.

Nikaenda. Nikasema. Nikamwomba Rachida msamaha, akaniambia nisimwombe yeye. Mama Clémentine alikataa Rachida aandike kwa kukumbuka, kwa sababu rejista hupokea maneno ya familia, si ya karani. Hukumu: niende kwa familia zote kumi na moja, Rachida anakumbuka wanakokaa, kwa miguu yangu, niwaombe warudi. Na niseme ni mimi.

Jumamosi, 7 Oktoba

Familia kumi leo. Nilidhani aibu ni kama maji ya baridi, ya kwanza tu ndiyo yanauma. Uongo. Kila mlango unaanza upya. Kwa mmoja walinipa chai kabla sijafungua mdomo, nikainywa yote kwa kuogopa kuanza. Mwingine alisikiliza mpaka mwisho, akafungua mlango, akasubiri nitoke. Zéphirin, muuza samaki, alicheka. Akasema basi kaka yake amepotea mara mbili, mara moja kwa askari na mara moja kwangu. Kisha akaacha kucheka, akarudi kwenye samaki wake.

Wote kumi wamesema watakuja. Hilo nalo limeniumiza. Ningependa mmoja angenitukana.

Jumapili, 8 Oktoba

Nimevuka kwenda Alunguli. Nilikuwa nimeandaa hotuba: umeme, mashine ya zamani, joto. Njiani nikaongeza na radi. Mama Salama alikuwa anachagua mchele kwenye ungo. Alinikaribisha, akanipa kiti kizuri, yeye akakaa kwenye mkeka. Radi ikanitoka kichwani.

Nikasema ni mimi. Akaendelea kutoa vijiwe kwenye mchele, kimoja kimoja.

"Ile siku nililala muzuri," akasema. "Sasa unaniambia jina haiko?"

Nikamwambia haiko, Mama. Nikamwambia kilichoifuta ni majivuno yangu, kwamba nilitaka kusifiwa. Sijui kwa nini nilimwambia. Hata shajara hii nilikuwa sijaiambia waziwazi.

Alichagua mchele wake mpaka ukaisha. Akasema atavuka tena kesho. "Lakini safari hii wewe njo utasikiliza, hapana Rachida."

Jumatatu, 9 Oktoba

Amekuja. Rachida alitoka, tukabaki wawili. Nikaandika alivyosema. Hamidou, fundi wa reli. Agosti tisini na nane alipakia chumvi kwenye garimoshi la mizigo la kwenda Kibombo, akamwambia dadake amwekee wali. Yeye akauweka. Siku tatu aliuweka, akiubadilisha kila jioni, wakati chakula chenyewe hakikuwepo mjini. Kidole cha mwisho, mkono wa kushoto. Sikuweza kuona herufi vizuri. Nilijifanya ninapangusa skrini.

Akauliza kama imeingia. Nikaizima mashine mbele yake, nikaiwasha, nikaingia upya kupitia mlango wa Okito unaotupa kila kitu. Hamidou alikuwepo. Mama Salama aliligusa jina kwa kidole, akaenda zake mtoni.

Naandika haya na roho yangu nyeupe. Nimemwambia Okito kwamba alikuwa na haki: mlangoni watu waache yote, wapewe ya nyumba. Tumepeana mikono. Nimeapa sitaugusa tena mlango ule.

Ila kuna jambo moja. Kila aliyepotea ana ukurasa wake kwenye rejista, na wa Hamidou umebaki huko ndani katikati ya maelfu. Nani atamkumbuka? Kwa mtu aliyewekewa wali siku tatu, haitoshi. Inafaa aheshimiwe.

Okito ameenda bandarini. Nimerudisha herufi p, na kigeu kimoja tu, safi, si cha mazoezi safari hii. Kuanzia kesho kila mtu akiingia, ukurasa wa kwanza kumfungukia utakuwa wa Hamidou. Nimejaribu kwenye skrini ya Rachida. Umefunguka vizuri kabisa, na unakubali mtu aandike jina jipya palepale juu ya la Hamidou, bila kuuliza chochote.