Majibu ya Chemsha Bongo Yarudishwe Wazi

Kwa Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati ya Chemsha Bongo ya Biblia, Misiera.

Amani iwe kwenu, na kwa wote watakaosomewa barua hii baada ya misa.

Mimi ni Herménégilde, mwalimu wa kwaya ya Juru. Kwaya itakayoshinda Jumapili ijayo, yetu au ya Misiera, itakwenda kuimba Mbarara. Sisi hatujawahi kuimba mbali kuliko Kaberebere. Kila kwaya imepewa nakala ya programu ya maswali, iliyoandikwa na mwanetu Régis anayesomea kompyuta Mbarara. Mwanzoni, ukilifungua faili lake kama unavyofungua barua ya kawaida, majibu yote yalikuwa pale, yanasomeka. Nilisimama kanisani nikamsifu kwa uwazi huo. Tangu siku hiyo anayaficha. Nalalamika hivi:

1. Aliyaandika kinyumenyume. Daudi akawa iduaD. Hatukukwama, kwani mama Perpétue, kwa kuzoea kuchungulia kitabu cha nyimbo cha jirani, husoma kutoka upande wowote. Lakini ni adabu gani kumtembeza mfalme kinyumenyume?

2. Akasogeza kila herufi hatua moja: A ikawa B, B ikawa C. Programu hutakiwa kuzirudisha kabla ya kuonyesha. Kwenye neno la mwisho alisahau, na ilipoonyeshwa ukutani mwa kanisa, badala ya Amina, likatokea Bnjob. Sisi Warundi tulidhani ni Kibembe. Wabembe wakadhani ni lugha ya Waethiopia. Na kwa kuwa hapa kambini Nakivale hatudharau lugha ya mtu, kanisa zima liliitikia kwa heshima: Bnjob. Padri aliinamisha kichwa.

3. Sasa anayakatakata. Nebukadneza tumemkuta "dne" juu, "Nebuka" chini, na "za" katikati ya mambo yasiyomhusu. Tulimkusanya jioni nzima.

Nilipomwuliza Régis kama anatuona wezi, alicheka: "Hapana, Mwalimu. Ile si kufuli, ni rido tu ya ku mulango. Mwenye kutaka kuona, ataona."

Kama kila atakaye ataona, basi pazia la nini? Naomba Kamati imwamuru aliondoe kabla ya Jumapili. La sivyo waimbaji wangu watalazimika kuisoma Biblia yenyewe, na muda wa kuimba hatutaupata.

Wasalimuni wanakwaya wote wa Misiera, Padri, na mama Pulchérie, mzazi wa Régis, aliyemlea vizuri hata hivyo.

Wenu katika sauti ya tatu,
Herménégilde

Nyongeza: Kila jibu tulilolifichua, mwimbaji wetu Eugénie alitaka tulihakikishe kwenye Biblia, tusije tukakosea kuunganisha. Leo tumejaribu maswali yote huku kompyuta imezimwa, na hakuna lililotushinda. Naomba basi majibu ya Juru yaendelee kufichwa, na zaidi ya awali. Misiera wapewe yao wazi.