Msiguse Turubai, Rangi Bado Mbichi

(Uwanja wa zahanati ya Mandarashi, Kibosho, saa sita kasorobo mchana. Mgeni rasmi, aliyetarajiwa saa tatu, ndiyo kwanza anaanza kuhutubia. Nyuma ya meza kuu kuna kitu kirefu kilichofunikwa turubai la bluu na kuzungushiwa utepe. Manyunyu yanaanza.)

Mheshimiwa Mwenyekiti wa shughuli hii, ambaye ni mimi, waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Uratibu wa Mwonekano wa Vyombo vya Usafiri vya Jamii, Kanda ya Mteremko, ambao mwenyekiti wao nimeombwa niwe mimi, nikakubali baada ya kujishauri, Baba Paroko, ambaye kiti chake nakiona kiko wazi lakini heshima yake imekaa, dada yetu Pamela, muuguzi wa zahanati hii, mzee wetu Meku Urbanus, shikamoo mzee wangu (Meku Urbanus: "Marahaba. Gari liko wapi?"), nitafika huko, mzee, hotuba ina ngazi zake, na kipekee kabisa Mama Anyesi, ambaye nimeshuka tu garini akanikabidhi jani hili refu la kijani, limefungwa fundo katikati, akalinyooshea kidole benchi la tatu, akasema, "Baba, mpelekee yule," nami kwa unyenyekevu nikalipungia mkono benchi lote la tatu bila ubaguzi! (Analipunga jani hewani. Wazee wanatazamana.) Itifaki nimeimalizia mwenyewe, kwa sababu mshereheshaji ameruka vyeo vyangu viwili na nimemsamehe.

Kwa wachache wasionifahamu, mimi ndiye Mhandisi wa Heshima Eliakim Gidioni, na hilo neno "wa heshima" lisiwachanganye, maana wahandisi wasio wa heshima wapo wengi tu. Sikuzaliwa mlimani, lakini mlima huu nimeupenda tangu nilipopangiwa nyumba pale mjini yenye veranda inayoutazama, na kila asubuhi nikinywa chai huwa najiuliza, je, wale watu kule juu wanapendeza? (Makofi ya mtu mmoja, ambaye ni dereva wake.)

Kabla sijaendelea, tangazo la kiusalama: kitu kilichomo ndani ya turubai hili kimepakwa rangi ya daraja la kimataifa ambayo bado mbichi, kwa hiyo kila mwananchi akae umbali wa hatua ishirini, asiguse, asiinue, asichungulie, na asimruhusu mtoto kuchungulia kwa niaba yake.

Ndugu wananchi, tulikotoka ni mbali. Mlikuwa na Landrova ya zahanati, ya mwaka sabini na nane, ambayo tathmini yetu ya awali, iliyofanywa na wataalamu saba kwa siku tisa hapo kwenye kivuli cha kahawa, ilibaini kuwa injini ilikuwa nzima, gia zinaingia, na breki zinashika ukikanyaga mara mbili. Tatizo lake lilikuwa moja tu, nalo ni la kimkakati: rangi ilikuwa inabanduka, na pale ilipobanduka kutu imeanza kula milango. Na nyinyi badala ya kusubiri wenye dhamana mkaamua kulitatua! Mkamwita fundi Primus kutoka Soweto ya hapo mjini, akaja na msasa, akawaambia gari litasuguliwa, litapakwa praima, kisha litapakwa rangi ya mafuta kwa rola na brashi, siku nne limekwisha, malipo yake mikungu sita ya ndizi na chakula chake. Bwana Basili naye akajitolea makopo matatu ya rangi ya kijani iliyobaki alipopaka bati la nyumba yake. Rola, ndugu zangu! Rola ni ya ukuta! Mlitaka mgonjwa apande gari au apande sebule?

(Primus, kutoka nyuma: "Mheshimiwa, gari la kupanda Kibosho halihitaji kung'aa, linahitaji lisioze!")

Namsikia fundi, namheshimu fundi, lakini fundi hana andiko la mradi. Siku nne ni muda wa kupaka rangi. Siyo muda wa mchakato. Ndiyo maana nilipopata taarifa, nilipanda mimi mwenyewe hadi hapa na msafara wa magari matatu, yote yana rangi nzuri, nikasimamisha zoezi fundi akiwa ameshasugua mlango mmoja, na siku hiyohiyo Landrova ikashuka kwenda kwenye yadi yetu kule Rau, ikaendeshwa na dereva wangu, ikatembea kwa injini yake yenyewe, na watoto wenu wakaikimbilia hadi kwenye kona wakiipungia mikono. Ile picha ninayo ofisini. Nimeiweka kwenye fremu.

Sasa wapo wanaosema kwamba tangu siku ile imepita miezi kumi na minane bila kitu kufanyika. Huo ni upotoshaji! Miezi kumi na minane ndugu zangu tumefanya kazi hadi wajumbe wawili wakapata presha. Tumeandaa hadidu za rejea. Tumeendesha semina elekezi ya siku tano yenye mada isemayo "Rangi: Dhana, Changamoto na Fursa". Tumekwenda ziara ya mafunzo Dar es Salaam, wajumbe kumi na mmoja, tukasimama pembeni mwa barabara tukiyaangalia magari ya wenzetu yanavyopakwa, tukarudi, tukagundua tumesahau kuandika, tukaenda tena. Tumeunda Kamati Ndogo ya Kijani na Kamati Ndogo ya Krimu, na pale zilipokosa kuelewana tukaunda Kamati ya Maridhiano, ambayo yenyewe ilipendekeza rangi ya maziwa ya mgando. Kwenye utafiti wetu wa stekiholda, asilimia tisini na saba nukta nne walisema wanapenda rangi nzuri kuliko rangi mbaya; hao asilimia mbili nukta sita waliobaki walijibu "tunataka gari letu", ikabidi tuwatoe kwenye takwimu kwa sababu walijibu swali ambalo halikuulizwa. (Kicheko. Anadhani ni cha kumuunga mkono, anangoja kiishe.)

Asanteni. Kiufundi pia hatukulala. Tulianza kwa kufungua magurudumu ili rangi isidondokee matairi. Tukafungua milango ili ipakwe pande zote mbili kwa haki na usawa. Kisha, kwa ushauri wa mtaalamu, tukaishusha injini ili bodi iwe nyepesi wakati wa kuipindua. Vifaa hivyo vyote vimehifadhiwa mahali salama kiasi kwamba hata mimi mwenyewe sipajui, na huo ndio usalama wa kweli.

(Mbuzi anapenya chini ya turubai upande wa mbele. Watu wote wanamfuata kwa macho. Baada ya muda mrefu anatokea upande wa nyuma, mkavu, akitafuna karatasi. Meku Urbanus: "Mbona huyo mbuzi hana rangi?")

Mbuzi ni mdau kama mdau mwingine, mzee, na ametuonyesha kwamba rangi yetu ni rafiki kwa mifugo. Katibu, andika hilo.

Nisiwe mtu wa kusifu tu, nigusie na changamoto, maana kiongozi asiyegusia changamoto hapati bajeti ya kuzitatua. Mwezi wa nne, masika yakiwa yamekolea na barabara ikiwa kama mnavyoijua, dada yetu Scola, mkamwana wa huyu Mama Anyesi, alishikwa na uchungu hapa zahanati, mambo yakamzidi dada Pamela, akapiga simu ofisini kwetu kuuliza gari. Napenda umma ufahamu kwamba simu ile ilipokelewa. Ilipokelewa mlio wa pili! Katibu wangu Doris, huyu hapa, alijibu kwa lugha nzuri kwamba gari lipo kwenye hatua ya uchaguzi wa rangi na kwamba maombi yake yatawasilishwa kwenye kikao. (Doris anainamisha kichwa.) Wananchi nanyi mkaonyesha ubunifu wa hali ya juu, mkachukua ngazi ya kuchumia parachichi, mkatandika godoro juu yake, mkamlaza, mkampokezana mabegani saa tatu nzima ndani ya tope hadi lami. Walishuka wawili kwenye ngazi ile, mama na mtoto tumboni. Akarudi mmoja. Kamati iliipokea taarifa hiyo kwa uzito unaostahili na kuiingiza kwenye jedwali la utekelezaji kama mafanikio ya asilimia hamsini. Na hamsini, ndugu zangu, hata kwenye mitihani ya watoto wetu, ni kufaulu.

(Mvua inasikika kwenye bati la zahanati. Scola, aliyekaa benchi la tatu, hamtazami mgeni rasmi, anatazama turubai.)

Mimi binafsi jambo lile lilinigusa sana. Niliagiza wajumbe wasimame dakika moja, na ile dakika haikutolewa kwenye kikao, ilitolewa kwenye muda wetu wa chai.

(Pamela, kwa sauti ya chini lakini kila mtu anasikia: "Siku nne, mheshimiwa. Primus alisema siku nne.")

Dada Pamela, maswali mwishoni. Na sasa, kwa mamlaka niliyojipa kwa mujibu wa mwongozo, natangaza mbele yenu kwamba mgogoro wa rangi umekwisha leo. Nimelitazama jani hili la Mama Anyesi tangu niliposhuka garini, limenisaidia kufukuza nzi, na nimeona kijani chake kimetulia, hakina makuu, hakina siasa. Hiki ndicho kitakuwa kijani rasmi cha mradi! Nimemwagiza mpiga picha alipige, lipelekwe Dar likapimwe, na kila ofisi yangu ipambwe kwa jani hili mlangoni na juu ya meza. (Mzee mmoja anavua kofia, anajifunika nayo uso.)

Tuchangamke basi, tunakaribia kufunga. Nikisema "Rangi kwanza!" nyinyi mnasema "Mengine baadaye!" Rangi kwanza!

(Meku Urbanus: "Gari!")

Rangi kwanza!

(Watu wote: "Gari! Gari!")

Nimependa hamasa. Mandarashi inang'aa! (Dereva: "Inang'aa!") Mteremko oyee! (Dereva: "Oyee!") Asante, kijana, kaa.

Nimalizie kwa shukrani, maana asiyeshukuru kwa kidogo hata kwa kikubwa hashukuru, na shughuli ya leo isingewezekana bila watu. Namshukuru mwalimu mkuu wa shule ya msingi kwa kutuazima madawati kumi na manne yaliyoshikilia turubai hili vizuri hadi likapata umbo la Landrova, na namhakikishia yatarudi Jumatatu, au Jumatano, ili watoto wasiendelee kukaa chini. Namshukuru Bwana Basili kwa tenki lake la maji, ambalo ndilo lililotupa boneti. Naushukuru ushirika wa kahawa kwa turubai lenyewe. Najua mvua inanyesha na kahawa yenu iko nje, wavumilivu hula mbivu. Kwa namna ya pekee kabisa namshukuru yule mfanyabiashara wa vyuma chakavu kule Rau, aliyeipokea Landrova yetu kwa kilo, wiki ya pili tu baada ya kushuka mlimani, injini upande wake, bodi upande wake. Mtu mwaminifu, mizani yake haipunji, na bila moyo wake wa kujitolea wajumbe wangu kumi na mmoja wangefikaje Dar es Salaam mara mbili? Nawashukuru na nyinyi, kwa kutogusa.

(Basili anatembea hatua ishirini zote, anainua pembe ya turubai, anachungulia, anaishusha polepole. Anatikisa kichwa kuelekea benchi la tatu. Doris anasimama, anamnong'oneza mgeni rasmi sikioni kwa muda mrefu.)

Subirini, subirini, msitawanyike! Katibu wangu Doris, ambaye kumbe ni mtoto wa hukuhuku Kibosho na hajawahi kuniambia, ananifahamisha jambo zito. Anasema jani hili si pambo. Linaitwa isale. Anasema huku mlimani, tangu mababu, mtu aliyekosa hulibeba isale kwa mkono wake, akaenda nalo hadi kwa yule aliyemkosea akaomba msamaha, na huyo akiletewa isale hawezi kukataa, hata kama amefiwa na mtoto kwa kosa la huyo anayeomba.

(Anatoa leso, anafuta macho.)

Ndugu zangu wa Mandarashi, mmeniliza. Kumbe ndiyo maana! Zile barua zenu zote, zile simu, yale maneno mliyonisema huko kwenye vilabu vya mbege mkidhani hayanifikii, kumbe mlikuwa mmeshajirudi, mkamtuma bibi mzima aniwahi pale mlangoni mwa gari. Nami si mtu wa kinyongo. Mila za watu naziheshimu. Isale lenu nimelipokea kwa mikono miwili, mbele ya Mungu na mbele ya mlima huu.

Nimewasamehe.

(Hakuna anayepiga makofi, hata dereva. Mama Anyesi anapanda jukwaani taratibu, analichomoa jani mkononi mwake, anashuka nalo.)