Tairi Lililotaka Mahari

Jumatatu, 6 Machi 1995

Shirika linatafuta gari la kubeba maharage kutoka Kirushya hadi kambi ya wakimbizi. Tenda ya mwaka mzima! Tumebaki wawili: mimi na Bartholomayo, mdogo wake mke wangu Melania. Yeye ana pikapu iliyochoka. Mimi nina Landrova niliyoinua springi mwezi uliopita. Tatizo: juu imenyanyuka, chini imevaa vitairi vya mkokoteni. Twiga mwenye kandambili! Jumamosi Irine, ofisa wa shirika, anatupima kwenye barabara ya Keza. Lazima nipate matairi mapana.

Jumanne, 7 Machi

Asubuhi nzima njiapanda, nachungulia magari ya wakubwa. Ajabu! Mengine magurudumu yamejificha ndani, mengine yamechomoza nje. Kwa nini? Dereva mmoja akauliza kama napeleleza. Nikamjibu nasoma. Nyumbani sufuria ya Melania ikanifumbua macho. Rimu ni sufuria, na kitako chake ndicho kinachofungwa nati. Kitako kikisogea upande wa nje, gurudumu huingia ndani. Kikisogea ndani, gurudumu hutoka nje! Nani mwingine Ngara nzima aliwahi kuliuliza hili? Melania aliuliza tu kama maharage yapikwe kwenye rimu.

Alhamisi, 9 Machi

Nimepata! Rimu za kuchomoza na matairi ya lori, kwa Matiasi, fundi wa Nemba. Akashauri nijaribu kona kwanza. Kona ya nini? Gari limesimama kama simba!

Sokoni nikakutana na Bartholomayo. Shikamoo yake ya dharau. Akalizunguka gari, akapiga mluzi, akatamka mbele za watu: "Shemeji, tairi hizi zinataka mahari kubwa!"

Mahari! Miaka yote hii bado wanaona niliwapunja. Mbuzi nilitoa. Majembe nilitoa. Pombe ya ndizi waliinywa wenyewe mpaka wakaimba! Nikamhutubia palepale juu ya familia zinazouza mabinti. Umati ukapiga makofi. Akasema yeye anaongelea madigadi, yale mabati yanayofunika magurudumu. Nikamwambia asibadilishe mada.

Jumamosi, 11 Machi

Paliponyooka nilikuwa mfalme. Ila magurudumu yalivyotoka nje ya madigadi, matope yote yaliingia dirishani kwa Irine. Akajifuta uso. Kisha kona. Nikazungusha usukani. Krrr! Tairi likauma madigadi, likang'ang'ania. Kona ikaenda kulia, sisi tukaenda migombani. Mama Odeta, mwenye shamba, akauliza kama tumekuja kupalilia. Bartholomayo akatokea na kipikapu chake, akampakia Irine. Tenda imekwenda naye.

Jumapili, 12 Machi

Baada ya misa Melania amecheka mpaka akakaa chini. Eti mdogo wake alimaanisha mahali, nafasi ya tairi kugeukia. Kinywani mwake "l" na "r" ni kitu kimoja, nami namjua tangu akiwa mdogo. Eti niende nikamwombe radhi.

Radhi? Angesema "mahali pakubwa" kama shule ilivyomfundisha, ningeelewa mara moja! Mimi nimeangushwa na ngeli, si na tairi. Naandika makala gazetini.

Mchana nikachukua tindo, nikayakata madigadi yote. Usukani unageuka mpaka mwisho! Nimepitisha kiganja juu ya tairi: nafasi imebaki tele. Kesho alfajiri kwa Matiasi. Lazima anayo matairi makubwa zaidi.