Vichupa vya Hellen Kwenye Friji Yangu

Jumatatu, 4 Agosti 1997
Mjukuu wangu Hellen kapanda mlima mpaka kwangu Uru na sanduku la barafu. Anasomea maabara huko mjini. Chuoni umeme ni wa mgao. Friji yangu ya mafuta ya taa haijui mgao. Ndani ya sanduku vichupa kumi na viwili, kila kimoja kama kidole cha mtoto. Ni vimeng'enya, anasema: vinageuza wanga kuwa sukari, sawasawa na kimea cha ulezi kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi. Ijumaa ana mtihani navyo. Vikifa, anarudia mwaka. Masharti: vikae kwenye barafu, nyuma kabisa, nisivitoe. Kuganda na kuyeyuka, kuganda tena na kuyeyuka, ndiko kunakoviua. Mimi natunza kimea tangu mama yake hajazaliwa. Ananifundisha kutunza!

Jumanne, 5 Agosti
Zita jirani, mwenye friji kama yangu, anatangaza dukani kwamba nimeachiwa maji ya bomba. Maji! Nikamwita. Nikavitoa vyote, nikavipanga mezani. Akauliza kama ni dawa ya macho. Mjinga. Tukanywa chai, nikavirudisha.

Jumatano, 6 Agosti
Mbinu! Nikaomba sala ya jumuiya ije kwangu. Wanawake tisa. Baada ya amina, nikaleta vichupa kwenye sinia, juu ya kitambaa nilichofuma. Vikazunguka mkono kwa mkono. Salvina, kiongozi wetu, akavinyunyizia maji ya baraka. Zita alinuna. Raha iliyoje!

Alhamisi, 7 Agosti
Nimemkuta Zita anamwaga kimea kwenye ndizi zinazofuka moshi. Nikamgombeza mbele ya wakwe zake: kimea kikikutana na moto kinakufa! Uzee wote huo hujui?

Kurudi nyumbani, vichupa vimekuwa mawe. Huruma ikanishika. Mtoto atatumiaje mawe kesho? Nikavifukia kwenye majivu ya moto mpaka vikalainika, nikavirudisha baridini. Msaada wa kimyakimya.

Ijumaa, 8 Agosti
Hellen alivichukua alfajiri; kaja tena jioni, macho yamevimba. Kwenye mtihani alitia vimeng'enya kwenye uji wa wanga, akadondosha ayodini. Vikiwa hai, bluu haitokei. Imetokea bluu tupu. Vyote vimekufa.

Akauliza, Bibi, ulivitoa? Nikasema hapana. Akaniangalia. Nikasema mara moja. Akazidi kuniangalia. Nikasema mara tatu, na majivu.

Hakufoka. Angefoka ningejua la kujibu. Nikamchemshia maziwa. Hakuyagusa.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimeshuka mjini kwa mwalimu wake, Aminieli. Nikamwambia kosa ni langu. Kama kuna wa kurudia mwaka, aniandikishe mimi, nina nguvu bado. Alicheka mpaka akavua miwani. Kamwita Hellen, kampa vichupa vingine, mtihani Alhamisi. Nilipanda mlima kama msichana.

Kumbe Hellen kapita njia ya juu, kavipeleka kwenye friji ya Zita! Zita, anayepika kimea! Hellen anasema, taratibu, Bibi usijisumbue navyo, pumzika. Nipumzike?

Mwanamke yule hajui hata baridi ni nini. Kesho baada ya misa ya kwanza, yeye akibaki kwenye kwaya, nitapita kwake. Nitavitoa kidogo tu, nivipapase, nijue kama vinatunzwa vizuri.