Malalamiko Dhidi ya Darasa Lililoelewa Somo

Ndugu Makamu Mkuu wa Chuo,

KUHUSU: WANAFUNZI WA UHANDISI UJENZI KUELEWA SOMO BILA KUZINGATIA SERA

Pokea salamu zangu za heshima, pamoja na pole ya kazi nyingi.

Mimi ni mhadhiri wa somo la mizigo ya majengo, yaani jinsi ya kujua jengo linaweza kubeba nini kabla jengo lenyewe halijatoa uamuzi. Naandika kuwashtaki wanafunzi wangu wa mwaka wa pili, na kuomba kwa unyenyekevu wote wachukuliwe hatua kali.

Utakumbuka kwamba mwaka huu uongozi ulitangaza sera ya Hakuna Anayebaki Nje, ambayo mimi binafsi niliipigia makofi. Wanafunzi wakaongezwa maradufu. Kwa kuwa kumbi hazikuongezwa pamoja nao, darasa langu lilihamishiwa ghorofa ya juu ya jengo la utawala, juu ya ofisi yako, kwenye kilichokuwa chumba cha chai cha wafanyakazi, baada ya kuvunjwa kuta mbili ili tuenee. Tukaenea. Wengine walikaa sakafuni, wengine madirishani, na wa mlangoni walihudhuria nusu mwili. Ulipotokea ufa, meneja wa majengo alikuja mwenyewe, akaukwaruza kwa ukucha, akasema, "Mwalimu, huu ni ufa wa rangi, si wa ukuta." Akapaka rangi mpya. Wiki iliyofuata rangi mpya nayo ikapata ufa wake.

Ndipo ukaja waraka wa pili, ukituagiza tufundishe kwa mifano ya mazingira yetu, ili elimu iguse maisha. Mimi ni mtu wa kutii. Nikaandika ubaoni: Kokotoa uzito unaoweza kubebwa na sakafu ya chumba hiki, kisha linganisha na uzito uliomo. Hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanzia.

1. Walielewa. Nimefundisha somo hili tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na kwa kawaida huelewa wachache, wengine wakanakili. Siku hiyo walielewa wote kwa mpigo. Kalamu zilisimama, watu wakaanza kutazama sakafu. Msichana tunayemwita Kamusi, kwa sababu haachi neno lipite bila kudai maana yake, alikuwa amekaa dirishani. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, jibu hili likiwa sahihi, tunatoka sasa hivi au tunasubiri kipindi kiishe?"

Nilichukua daftari lake nikapitia hesabu. Nikapitia tena. Sijawahi kumwombea mwanafunzi akosee kama nilivyomwombea yule. Mwisho nikasema, "Jibu ni sahihi."

2. Walitoka vizuri. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Wangekimbia wakipiga kelele, tungewashtaki kwa fujo na mambo yangekwisha. Lakini walivua viatu. Wakaanza kutoka wa katikati, kwa kuwa nimewafundisha kwamba katikati ndipo boriti huelemewa zaidi. Kamusi alisimama mlangoni akinong'ona, "Wawili wawili. Wenye mabegi mazito watangulie." Kijana mmoja mnene alimwomba radhi kila aliyepishana naye. Nilipobaki peke yangu na ubao, Kamusi akarudi kunichungulia. "Shikamoo tena, mwalimu," akasema. "Hata wewe una uzito." Nikavua viatu.

3. Wameambukiza wengine. Sasa tunasomea uwanjani, juani, na kila apitaye anatusikia. Karani wa masijala alikuja kuwauliza kuhusu makabati yake ya chuma. Walipomjibu, akahamishia meza barazani. Mama wa mapokezi anawapokea wageni getini. Wanafunzi wa sheria wameomba kuonyeshwa kibali cha kuvunja zile kuta. Wale wa famasia wameingia zahanati ya chuo na kuanza kusoma tarehe kwenye chupa. Ndugu Makamu Mkuu, tukiruhusu kila mtu atumie alichofundishwa, uongozi wa chuo utalala usingizi gani?

4. Mimi mwenyewe nimeponzwa. Niliitwa mbele ya Kamati ya Nidhamu kwa kosa la kuondoa wateja darasani, maana ndivyo wanafunzi wanavyoitwa siku hizi. Mwenyekiti akauliza, "Nani alikupa ruhusa ya kulipima jengo la chuo?" Nikamjibu, "Hatukulipima, mwenyekiti. Tulilikokotoa." Jibu hilo likaandikwa kuwa ni ujeuri. Nikaagizwa nitafute kosa katika hesabu na kuwarejesha wanafunzi chumbani Jumatatu. Nyumbani nako mke wangu aliniuliza, "Kwa hiyo ulikuwa unawarundika watoto wa watu humo?" Nikamweleza kwamba nilikuwa na imani na sera. Akaondoa sahani yangu kabla sijashiba.

Kwa hayo, naomba yafuatayo. Kwanza, somo langu lifundishwe kwa mifano ya mbali tu: madaraja ya nchi za baridi, na majengo ambayo hakuna hata mmoja wetu atakayeingia. Ikishindikana, udahili ufanywe kwa kilo, na mwombaji aje na cheti cha mizani pamoja na cha shule. Vitabu vibaki nyumbani, kwani ni vizito na ndivyo vilivyotufikisha hapa. Viti navyo viondolewe, kisha meza, kisha mhadhiri. Nimepiga hesabu kwa uangalifu: chumba kikibaki kitupu, sera inatekelezeka bila shida yoyote.

Kuhusu Kamusi, nashauri asifukuzwe, kwa sababu akifukuzwa atakuwa nje, na nje ndiko waliko wasikilizaji. Ahamishiwe fani ambayo jibu sahihi halimlazimu mtu kusimama. Ingawa nikiri kwamba fani hiyo nimeitafuta katika orodha yetu yote bila mafanikio.

Nisalimie naibu wako, katibu muhtasi wako, wajumbe wote wa Kamati ya Nidhamu, na meneja wa majengo pamoja na ndoo yake ya rangi. Wanafunzi wangu wanakusalimu pia, kwa sauti ya chini.

Wako mtiifu,
Mhadhiri wa Mizigo ya Majengo
(kwa sasa, uwanjani)

Tanbihi: Baada ya kuweka sahihi nilikaa kutafuta kosa kama nilivyoagizwa, na ninayo furaha kukuarifu kwamba nimelipata. Kamusi na wenzake walikosea kweli. Walisahau tangi la maji lililowekwa juu ya paa wakati wa likizo, palepale zilipovunjwa kuta. Nilitaka barua hii ikufikie kwa njia rasmi, lakini tarishi amekataa kupanda ngazi, na mimi sikuona sababu ya kumlazimisha. Ndiyo maana imeingia kwa dirisha. Utuwie radhi kwa jiwe; tulichagua lililo jepesi kuliko yote. Tafadhali shuka sasa hivi, taratibu, bila viatu. Na jiwe ushuke nalo.