Ombi la Kung'oa Kitufe cha Ctrl

Kavindu,
Kiti cha karibu na mlango,
Mashine ya kufunika vitambulisho kwa plastiki.
Alhamisi.

Kwa Shangazi Loise,
Mwenye duka la kuchapa,
Machakos Mjini.

KUH: KUNG'OLEWA KWA KITUFE CHA CTRL KATIKA KOMPYUTA ZOTE TATU

Shangazi mpendwa, na pia mwajiri wangu,

Ninakuandikia kwa kalamu kwa sababu, kama unavyokumbuka, tangu Jumanne siruhusiwi kugusa kibodi. Silalamiki kuhusu adhabu hiyo. Kufunika vitambulisho ni kazi ya heshima, na sasa ninazijua sura za wakazi wengi wa kaunti hii, wote wakiwa hawakufurahia kupigwa picha. Ila nimekaa pale mlangoni nikafikiri sana, nikaona kwamba umemwadhibu asiyehusika. Mkosaji halisi yuko pembeni mwa kibodi, chini, upande wa kushoto, na hadi leo anaendelea na kazi kama kawaida.

Naomba niyataje makosa yake kwa utaratibu, kama tulivyofundishwa.

1. Njia za mkato, yaani Ctrl ikibonywa pamoja na herufi, zilinipata nikiwa sina wa kunionya. Shuleni kila kompyuta ina wasichana watatu, na kipindi ni dakika arobaini. Ukiondoa muda wa kuwasha mashine na wa kugombania kiti, kila mmoja anabakiwa na dakika kumi hivi. Mwalimu wetu, Bi Wangechi, alibandika ukutani orodha ya vitufe vya kunakili, kubandika, kuhifadhi na mengineyo. Wenzangu waliiandika daftarini. Mimi niliimeza yote, vitufe arobaini na sita, kisha nikaanza kutembea kama mtu aliyeteuliwa. Niliuficha hata upau wa zana, ile safu ya alama ndogo iliyo juu ya ukurasa, ili wenzangu waone kwamba mimi siuhitaji. Hawakuona hilo. Waliona tu kwamba wao sasa hawana pa kubofya, wakanitoa kitini kabla dakika zangu hazijaisha.

2. Zinamnyima mteja haki ya kuona kazi ikifanyika. Unamkumbuka yule mama aliyeleta kadi ya mwaliko wa harusi ipangwe upya? Nilibonya mara tano, kadi ikakaa sawa.

"Kwani umemaliza?" akauliza. "Na hata sijakaa vizuri!"

"Nimemaliza, mama."

"Aa-a, mwiitu, binti yangu. Hapo umebahatisha. Rudia nikiona."

Nilirudia. Nilishika kipanya, nikazunguka nacho kwenye skrini kama mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea, nikakunja uso mara mbili. Baada ya dakika ishirini kadi ilikuwa ile ile. Aliondoka akikuambia kwamba huyu mtoto ana bidii.

3. Sasa nije kwa Mzee Bartholomew wa Masii, kwa maana najua umekuwa ukisoma haraka ili umfikie.

Alikuja Alhamisi iliyopita ili nimchapie programu ya mazishi ya mkewe, Mama Kamanthe. Kama wateja wote wa mazishi, alikaa kwenye stuli kando yangu anisimulie maisha ya marehemu, nami nichape akisema. Alisema polepole. Alitaja jambo moja, akafuta miwani, akataja lingine. Mimi nilikuwa na programu ya marehemu mwingine ndani ya mashine, mwanamume wa Kathiani, imepangwa vizuri sana. Nikawaza kwamba maisha ya watu yanafanana: kuzaliwa, shule, kazi, kanisa, ugonjwa. Nikainakili yote, nikaiamuru mashine ibadilishe jina la bwana yule liwe la Mama Kamanthe kila mahali kwa pamoja, nikarekebisha tarehe na nyimbo. Mzee alikuwa bado anasimulia jinsi mkewe alivyokuwa msichana.

"Usijali, Mzee," nikamwambia. "Hayo mengine nimeshaweka."

Akanishukuru. Hapo ndipo panaponiuma zaidi. Nikabonya vitufe viwili, zikatoka nakala mia mbili.

Jumamosi, programu ilisomwa na Kilonzo, mpwa wa marehemu, ambaye alikuwa ameagizwa asiongeze wala asipunguze. Akatii. Waombolezaji wa Masii wakaarifiwa kwamba Mama Kamanthe alizaliwa Kathiani, alilinda lango la kiwanda cha saruji Athi River kwa miaka kumi na minne, alikuwa golikipa aliyeogopwa sana, na ameacha wajane wawili. Nasikia watu waligeuka kuwatafuta.

Mzee aliporudi Jumanne hakupiga kelele. Aliiweka karatasi mbele yako, akaninyoosha kwa macho.

"Mwiitu, bibi yangu hakulala Kathiani hata siku moja. Na wewe ulikuwa umekaa hapa, mimi hapa, nikikuambia."

Nawe ukasema neno moja tu: "Simama." Nikasimama.

4. Ctrl ikibonywa pamoja na Z hufuta kosa la mwisho. Hilo ni fundisho baya kwa mtoto. Wakati Mzee anaongea Jumanne, vidole vyangu viwili vilikuwa vikibonya ukingo wa meza, tena na tena. Hakuna kilichorudi nyuma.

5. Ugonjwa huu umefika nyumbani. Juzi nilipoambiwa niombee chakula, nilifumba macho nikasema, "Bwana, kama jana, Amina." Susu, nyanya yetu, aliweka kijiko chini. Aliniuliza kama huko mjini Mungu naye hukaa foleni. Ninatambua kwamba Ctrl haikuwepo mezani, lakini mkono wake ulikuwepo.

Kwa sababu hizo, ninaomba yafuatayo:

(a) Vitufe vya Ctrl ving'olewe kwa kisu katika kompyuta zote tatu. Niko tayari kushika tochi.

(b) Kila mchapaji atumie mkono mmoja kwenye kipanya, na ule mwingine ukae juu ya meza mahali mteja anapouona.

(c) Uiandikie serikali, kwa kuwa wewe una muhuri, ipige marufuku mtu yeyote wa chini ya miaka kumi na minane kutumia njia za mkato bila leseni. Wanaojifunza wavae herufi L nyekundu mgongoni, kama magari, ili wafiwa wawaone mapema wakachapishe kwingine.

Hayo yakitekelezwa, naomba nirudishwe kwenye kibodi nikiwa mtu mpya, nichape kwa kidole kimoja. Shule zinafunguliwa baada ya siku kumi na moja, kisha nitarudi kwenye zile dakika kumi zangu. Hapa kwako, Shangazi, ndipo mahali pekee ambapo kompyuta nzima huwa yangu tangu asubuhi hadi tunapofunga. Sikuwahi kukuambia hivyo.

Msalimie Mjomba. Msalimie Bwana Nderitu kinyozi, na umwambie kitambulisho chake kiko tayari ila plastiki imemtengenezea mkunjo shavuni. Msalimie na Njoki, ingawa amekalia kiti changu cha kuchapia na ananisikia nikikwaruza kalamu.

Ni mimi mpwa wako, niliyesimamishwa tangu Jumanne,

Kavindu

Nyongeza: Nimeifungua bahasha tena. Ukiwa bado benki, saa kumi na dakika kumi, aliingia Bi Maryam na katiba ya kikundi chao cha akina mama ndani ya flashi. Kurasa sita, vichwa havilingani, namba za vifungu zimetawanyika, na ofisi inayoipokea inafungwa saa kumi na moja. Njoki alitafuta kwa kipanya pa kuanzia hadi Bi Maryam akaanza kuomba dua kwa sauti ya chini. Njoki akanitazama, akahama. Nikaketi. Nilitumia vitufe vyote arobaini na sita, na vingine viwili nilivyovigundua papo hapo. Saa kumi na nusu kazi ilikuwa imekwisha. Lakini sikuchapisha, Shangazi. Nilimweka kwenye stuli nikamsomea kila kifungu kwa sauti, tukakuta wanachama wawili wameachwa nje, tukawarudisha, ndipo nikachapisha. Kusoma kulichukua muda karibu sawa na kazi yenyewe. Amepiga simu sasa hivi kusema amewahi. Jumatatu analeta kazi za vikundi vingine vitatu, na ameuliza kama yule msichana wa haraka atakuwepo. Nimemjibu kwamba atakuwepo. Kwa hivyo vitufe usiving'oe kwanza, na mimi usinifanye mwongo.